Mwenye Nyumba Aliyekuja kwa Baiskeli

Juzi nilikuwa Kings Heath, mtaa wa hapa Birmingham, nikimtafutia binti yangu kabati la nguo, kwenye duka moja la vitu vya mitumba lililobanwa kati ya kinyozi na muuza simu. Nikafungua mlango wa kabati kuukuu la mbao nyeusi, nikaingiza kichwa ndani kuona kama limeliwa na wadudu, na hapo hapo nikasahau kukitoa. Ndani mlinukia nta ya sakafu, majivu ya zamani, na sufu iliyolowa mvua ikakaukia gizani. Mwenye duka akaniuliza kama niko salama. Nikamwambia niko salama. Kabati sikulinunua, lakini nilisimama pale muda mrefu nikivuta pumzi kama mgonjwa wa mafua anayejifukiza.

Harufu hiyo naijua. Ni ya nyumba niliyoishi nilipokuwa na miaka tisa, kabla sijajua Birmingham iko upande gani wa dunia. Wengi wetu tuliokulia mji huu tukitokea Kongo tuna hadithi ya njiani, na wengi huifupisha: tulipita hapa, tukapita pale, tukafika. Mimi pia husema, "Tulikaa kidogo Ujerumani," basi, mazungumzo yanaendelea. Lakini mtoto hakai kidogo mahali. Mtoto akikaa mahali msimu mmoja tu, mahali pale pamekwisha kumlea.

Tulitoka Uvira watatu: baba, mama na mimi. Njiani tukagawanyika. Baba alitangulia Uingereza, kwa mdogo wake aliyekuwa akiishi Birmingham, nasi tulikuwa tumfuate baada ya siku chache. Badala yake tukashikwa na polisi ndani ya treni, katika nchi ambayo mama mwenyewe hakuwa na hakika ni ipi. Hawakutufanyia ubaya. Walitupa chai, wakatuuliza maswali, na mwishowe wakatupeleka kaskazini kabisa, kijiji chenye barabara moja na mashamba yasiyo na mwisho, tukaambiwa tusubiri. Mama alikuwa na mimba. Wakati anaagana na baba alikuwa bado hajamwambia, maana hata yeye alikuwa akidhani ni uchovu wa safari.

Nyumba tuliyopewa ya kusubiria ilikuwa kubwa kuliko kanisa letu la Uvira. Ilikuwa na ngazi za mawe mbele, madirisha marefu kuliko mtu, na kuta za manjano zilizobanduka chokaa kama ngozi ya mtu aliyeunguzwa na jua. Wenyeji waliiita Gutshaus. Siku hizi najua maana yake: ni jumba la bwana shamba, tajiri mwenye ardhi yote mpaka macho yanapoishia, na watu wa kumlimia. Lakini neno la kwanza la Kijerumani nililojifunza lilikuwa gut, yaani zuri. Kwa hiyo nilielewa kwamba serikali, baada ya kutufikiria sana, imetupeleka kwenye Nyumba Nzuri. Nikampa baba habari hiyo kwa simu. "Papa, sisi tuko kwa Nyumba Muzuri." Upande wa pili baba akasema, "Mungu asifiwe."

Na kwangu ilikuwa nzuri kweli. Ukumbini kulikuwa na pembe za kulungu zilizotundikwa juu sana, zimejaa buibui. Kwenye ukumbi wa chini kulikuwa na safu ya ndoano za kutundikia makoti, zimepigiliwa chini mno, zinanifika kifuani, na juu ya kila ndoano pamebandikwa picha: bata, uyoga, kengele, konokono. Mlango wa kwenda kwenye ghala la chini ulikuwa umeandikwa kwa rangi nyeupe, herufi za ajabu, nyingine zimegeukia nyuma kama za mtoto anayeanza kuandika. Na chumba chetu, ghorofani, kilikuwa na jiko kubwa la vigae vya kijani lililofika karibu na dari, lisilowashwa tena, na juu ya dari palikuwa na zabibu na majani yaliyofinyangwa kwa chokaa. Nililala chali nikizihesabu zabibu hizo mpaka usingizi unichukue.

Sikuwa na wa kuniambia kwamba alama zile ni za nyakati mbalimbali na watu mbalimbali. Nikaziunganisha mwenyewe nikapata familia moja. Baba wa familia alikuwa mwindaji. Pembe zake zile pale. Alikuwa na watoto wengi ajabu, kila mmoja na mnyama wake. Mmoja wa watoto hakuwa hodari shuleni, akaandika vibaya mlangoni, na bila shaka alichapwa. Sasa walikuwa wametoka kidogo, pengine kwenda sokoni au kumzika ndugu, nasi tulikuwa tumeachiwa nyumba tuitunze. Nilitundika koti langu kwa konokono, kwa sababu nilidhani mwenye konokono hatakuwa na haraka ya kurudi.

Tulikuwa watu wengi pale, wa lugha nyingi, wakiwemo Wairaki. Waliosema Kiswahili walikuwa sisi, mwanamke mmoja wa Bukavu aliyeitwa Mama Sifa, na Tonton Kalombo wa Lubumbashi, tonton yaani mjomba kwa Kifaransa. Tonton Kalombo alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti ya chini, aliyewahi kufanya kazi kwenye reli. Alikuwa amesubiri pale kwa muda mrefu hata Kijerumani kikamwingia, na kwa sababu hiyo alikuwa masikio yetu. Yeye ndiye aliyeleta habari.

Siku moja walikuja wanaume wawili wenye viatu vya kung'aa, wakapima kuta kwa utepe, wakagonga gonga mbao za sakafu na kuandika. Walipoondoka, Tonton Kalombo aliongea na mwangalizi wa nyumba, mwanamume mnene aliyetembea na funguo nyingi kiunoni, halafu akaja jikoni ambako mama alikuwa akipika wali, akaongea kwa Kiswahili chetu cha Kongo, ambacho wa- hugeuka ba-.

"Mama," alisema, "banasema nyumba itauzwa. Inawezekana benyewe bakarudi. Ile familia ya zamani, bajukuu babo."

Mama aliendelea kukoroga wali ambao hauhitaji kukorogwa.

Mimi sikushangaa. Nilijua tangu mwanzo kwamba wenyewe watarudi. Lakini mama alikuwa na hofu yake nyingine, ambayo niliielewa polepole. Mama Sifa alikuwa ameugua mapafu, akalazwa hospitali kwa wiki kadhaa, na aliporudi alikuta chumba chake kina watu wengine. Hakukuwa na ubaya uliokusudiwa. Vitanda vilikuwa vichache na watu walikuwa wanakuja. Alihamishiwa mji mwingine, na tangu hapo hatukumwona. Mama akajiwekea sheria: katika nyumba ile, anayetoka chumbani kwake kwa siku nyingi harudi tena.

Kwa hiyo miguu yake ilipoanza kuvimba, alivaa soksi zangu za baba (baba alikuwa amenivisha zake siku tulipoagana, kwa baridi). Uso ulipovimba, alisema amelala vibaya. Kichwa kilipomuuma, alienda kuegemeza paji la uso kwenye vigae baridi vya lile jiko, amesimama hivyo kwa muda mrefu, mikono miwili imeshika tumbo. Nilimkuta hivyo nilipotoka shule.

"Mama, unaumwa?"

"Niko napumuzika. Usiambie mutu. Unasikia? Hata mutu moja."

"Hata Papa?"

"Papa zaidi. Papa iko mbali, atafanya nini? Atashindwa kulala tu."

Baba alipiga simu kila Jumapili kwenye simu iliyotundikwa ukutani chini ya zile pembe. Alinieleza Birmingham. "Huku basi ziko na gorofa," alisema. "Unapanda juu, unaona batu kwenye madirisha yabo, banakunywa chai." Alisema amekaa nyumba moja na watu wengi, Wakongo, Watanzania, Wakenya, wote wanapikiana. Nikawaza kwamba Birmingham nayo ni nyumba, kubwa kuliko yetu, na mabasi yanapita kwenye korido zake. Kisha akauliza, kama kila mara, "Na Mama iko aje?" Nikajibu nilivyofundishwa. "Iko muzuri, Papa."

Ni wiki ile ile ya wanaume wenye utepe ndipo alipotokea mwanamke wa baiskeli.

Alikuwa mzee, mwembamba, amevaa koti la mvua la kijani na kitambaa kichwani kilichofungwa chini ya kidevu. Alifika na baiskeli yenye kikapu, akaiegemeza kwenye nguzo ya geti, akasimama akitazama juu. Aliliangalia dirisha letu tu, la ghorofani upande wa kulia. Aliangalia kwa muda wa mtu anayesoma, kisha akapanda baiskeli yake akaenda. Siku iliyofuata akarudi. Na iliyofuata.

Mama alivuta pazia, akachungulia pembeni. "Njo yeye," alinong'ona. Ndiye. "Njo yeye mwenye nyumba. Anaangalia kitu yake."

Nilimtazama yule bibi kwa heshima kubwa. Kumbe ni mmoja wa wale watoto, nikawaza, na amezeeka wakiwa sokoni.

Siku yenyewe ilikuwa ya mvua nyembamba isiyokatika. Nilitoka shule nikamkuta mama amelala, jambo ambalo hakulifanya mchana. Uso wake ulikuwa umevimba hata macho yamekuwa madogo. Alisema anaona nyota zinatembea ukutani. Alisema pia niwashe taa, na taa ilikuwa imewaka.

Nilikaa pembeni ya kitanda. Nilikuwa nimeapa kutomwambia mtu hata mmoja, na kiapo kwa mama yako si kitu cha kuchezea. Lakini nikasikia mlio wa baiskeli kwenye changarawe, nikachungulia, nikamwona amesimama pale getini kwenye mvua, na mawazo yakanijia yaliyonyooka kabisa, kama yanavyonyooka ya mtoto. Ugonjwa wa mama ulikuwa ni hofu ya chumba. Na mwenye chumba ndiye yule. Sina haja ya kumwambia mtu siri. Nitaenda kumwomba mwenye mali.

Kwetu mtu haendi kwa mkubwa mikono mitupu. Nikachukua pakiti ya sukari, imebaki nusu, nikaikunja vizuri. Nikashuka ngazi nikiyapanga maneno ya Kijerumani niliyokuwa nayo, ambayo yote yangeweza kutoshea mkononi. Nilifika getini, nikapiga goti kama nilivyofundishwa Uvira, nikamnyooshea sukari kwa mikono miwili.

"Bitte," nikasema. Tafadhali. Kisha nikaonyesha dirisha. "Zimmer. Bitte. Mama krank. Baby." Chumba, tafadhali, mama mgonjwa, mtoto. Nikaweka mkono tumboni. "Mama krank," nikarudia, maana hilo neno la mgonjwa ndilo lililombadilisha uso.

Aliipokea sukari bila kuitazama, akaitia kwenye kikapu, akaiacha baiskeli ianguke yenyewe, akanishika mkono. Hakuniuliza njia. Aliingia mlango mkubwa, akapanda ngazi, na pale kwenye kidato kinacholia alirefusha hatua akakiruka, bila kuangalia chini. Nikasema moyoni, ndiyo, nyumba ni yake.

Mama alipomwona mlangoni alijaribu kuinuka. Alishindwa. Akamwambia kwa Kiswahili, kwa sauti ya adabu ambayo sijaisahau, "Mama, tutatoka. Niache nizae kwanza, tutatoka."

Yule bibi hakuelewa hata neno moja. Aliweka mgongo wa mkono kwenye paji la uso la mama. Akamvua soksi, akabonyeza mguu kwa kidole gumba, na shimo la kidole likabaki pale pale kwenye ngozi, halirudi. Akaenda dirishani, akalifungua kwa ngumi mahali linapokwama, akaita chini kwa sauti ambayo singetegemea itoke kwenye mwili mdogo vile. Mwangalizi wa funguo alitoka ghalani akikimbia. Sikuwahi kumwona akikimbia.

Gari la wagonjwa lilipofika, mama alishika chuma cha kitanda akakataa kuachia. Tonton Kalombo alimsihi kwa Kiswahili, wauguzi wakamsihi kwa Kijerumani. "Chumba," alikuwa akisema. "Bataweka bengine. Na mutoto wangu atakuwa wapi?" Basi yule bibi akafanya jambo moja. Alikaa kwenye kitanda changu, akavua viatu vyake vilivyolowa, akavipanga chini, kimoja kando ya kingine, kama mtu aliyefika nyumbani kwake jioni.

Alitaka kusema: nitakaa hapa, nitamwangalia mtoto, hakuna atakayeingia. Najua hivyo leo. Mama aliona mwenye nyumba amechukua nyumba yake, na yeye hajatoka hata mlangoni. Mkono ukaachia chuma wenyewe. Walipomshusha ngazi alinitazama, akasema polepole tu, "Umeona? Amesha vua viatu." Nami niliona hivyo hivyo. Nilibaki katikati ya chumba nikisubiri kuambiwa niende wapi.

Hakuniambia niende popote. Alinipa kipande cha mkate kilichopakwa siagi. Jina lake lilikuwa Hanna.

Asubuhi mwangalizi alikuja na mfuko mkubwa wa plastiki wa kutilia nguo zangu. Nadhani alikuwa ameambiwa nihamishiwe mahali pa watoto mjini mpaka mama apone. Hanna alimsikiliza, kisha akamshika kwa mkono wa shati akamshusha chini hadi kwenye ndoano za makoti. Tuliwafuata mimi na Tonton Kalombo. Hanna aliweka kidole juu ya picha ya bata, akasema maneno machache. Yule mwanamume mzima alisimama mbele ya bata uso umemwiva, akatazama viatu vyake, kisha akaenda zake na mfuko ukiwa mtupu.

Tonton Kalombo alicheka mpaka akajifuta machozi. "Unajua amesema nini? Amesema, 'Wewe ulikuwa Bata, na ulilia hapa kila asubuhi ukitaka mama yako, nami nilikubeba. Huyu mutoto naye hatatolewa penye mama yake atarudi.'"

Ndivyo nilivyojua kwamba nyumba ile iliwahi kuwa shule ya chekechea ya watoto wa wakulima wa kijiji, na kwamba Hanna ndiye aliyekuwa mwalimu wao, na picha zile alizichora mwenyewe. Familia yangu kubwa ya watoto wenye wanyama ikaanza kubomoka, lakini sikusikitika. Nilimwonyesha konokono, nikajigonga kifuani. Alitikisa kichwa kukubali, kwa uzito wote, kana kwamba ananiandikisha.

Tulikaa wawili siku nyingi, karibu bila maneno. Alipaka sakafu nta kwa kitambaa cha sufu akiwa amepiga magoti, akanipa kitambaa changu. Siku moja nilimwuliza kwa vidole: wewe, Hanna, ndoano yako ni ipi? Alifikiri. Kisha badala ya kunipeleka chini alienda kwenye kona ya chumba chetu, kati ya jiko la vigae na ukuta. Akaweka mkono hewani, usawa wa nyonga yake, ule mkono tunaouweka sote tunapoonyesha urefu wa mtoto. "Emil," alisema. "Mein Bruder." Kaka yangu. Neno la kaka nililijua.

Nilifurahi sana. Kumbe kulikuwa na mtoto mdogo, na labda yuko njiani. Siku mbili tatu nilimtafuta Emil bustanini, kwenye ghala, nyuma ya miti mirefu. Nilimtengea biskuti. Hanna alipoziona biskuti zimepangwa kwenye ile kona, akaniuliza kwa nyusi, nami nikamjibu, "Emil." Alikaa chini sakafuni pale pale, na nguo zake nzuri, akala biskuti moja polepole, akanipa nyingine.

Mdogo wangu alizaliwa kabla ya wakati, mdogo kama mkate, akawekwa kwenye sanduku la kioo mpaka akapata nguvu. Daktari alimwambia Tonton Kalombo kwamba siku moja zaidi ingekuwa siku nyingi mno, kwa wote wawili.

Mama alirudi akiwa amejiandaa kukuta kitanda cha watu wengine. Alipanda ngazi kwa shida, mtoto kifuani, na alipofika mlangoni akasimama. Sakafu iling'aa. Vitanda vyote viwili vilikuwa vimetandikwa. Sukari yetu ilikuwa juu ya meza, kwenye chombo cha kioo. Hanna alikuwa amekwisha vaa koti lake la kijani, amekaa kwenye ncha ya kiti kama mgeni.

"Mwambie asitoke," mama alimwambia Tonton Kalombo. "Mwambie akae. Mwambie nauliza: yeye ni nani?"

Hanna alisimulia, Tonton Kalombo akatafsiri akiwa amesimama katikati yao, mikono nyuma kama mtoto wa shule. Hakuwa wa ile familia ya zamani. Familia hiyo, ya matajiri wapanda farasi, ilikimbia mwisho wa vita kuu ya pili ya dunia, ikaacha sahani mezani. Kwanza wakaja askari Warusi. Yale maandishi ya mlangoni ni yao. Kisha wakaja watu kutoka mashariki, waliofukuzwa makwao, kwa miguu, kwenye theluji. Hanna alikuwa mmoja wao, na umri wake ulikuwa kama wangu. Katika chumba hiki hiki waliwekwa watu wa familia kadhaa, wakigawana kwa mashuka yaliyotundikwa kwenye kamba. Mama yake Hanna alipewa ile kona. Wenyeji wa kijiji hawakuwapenda, waliwaita majina.

"Emil alikuwa na homa," Tonton Kalombo alitafsiri, na sauti yake ikashuka zaidi. "Mama yake aliogopa kusema. Alisema, wakijua kuna ugonjwa, watatutoa nje kwa baridi. Akamwambia Hanna: usiambie mtu."

Mama alinitazama. Nilitazama sakafu.

"Hanna hakuambia mtu," alimalizia Tonton Kalombo.

Mtoto alilia kidogo, mama akamtikisa. Baadaye akasema, "Mwambie huyu bado hana jina. Mwambie, akitaka, aitwe Emil."

Ilipotafsiriwa, Hanna alitikisa kichwa mara moja. Hapana. Alisema mtoto apewe jina lake mwenyewe, lisilo na kazi ya mtu mwingine ndani yake. Lakini aliomba jambo moja. Mwangalizi alikuwa ameleta kitanda cha mtoto akakiweka pale palipokuwa na nafasi, kwenye kona kati ya jiko na ukuta. Hanna aliomba kisikae pale. Alipiga magoti, akapitisha kiganja chini kwenye ubao wa ukuta. "Panapita upepo," alisema. "Siku zote palipita upepo."

Mama alimpa Tonton Kalombo mtoto ashike, na wanawake wale wawili wakakibeba kitanda, kila mmoja upande wake, wakakisogeza hadi chini ya dirisha, palipokuwa na jua.

Tulimwita mdogo wangu Daudi. Nyumba ilifungwa msimu uliofuata. Ikanunuliwa na watu wasiohusiana na yeyote, na sisi tuliokuwa tukisubiri tukatawanywa mijini. Tonton Kalombo alibaki Ujerumani, akaoa huko. Sisi, baada ya karatasi nyingi, tuliruhusiwa kumfuata baba. Nakumbuka alivyotusubiri kwenye kituo cha mabasi Birmingham, amevaa suti ya kuazima, na alivyompokea Daudi kama mtu anayepokea chombo cha kioo. Nakumbuka pia nilivyoshangaa kuona Birmingham ina mvua ndani yake, na mbingu. Tulipewa nyumba Kingstanding, ndogo, ya matofali, inayofanana na jirani zake zote. Hanna na mama walitumiana kadi za Krismasi kwa miaka, hawakuelewana neno, hadi mwaka mmoja kadi ya Hanna haikuja.

Baba hatunaye tena. Mama sasa anaishi Acocks Green, karibu na kituo cha treni, na Jumapili baada ya ibada tunakula kwake. Daudi ni mrefu kuliko sisi wote, anaelewa Kiswahili chote, anajibu kwa Kiingereza cha mji huu. Jumapili hii niliwasimulia habari za lile duka la Kings Heath na ile harufu, na Daudi, aliyezaliwa kule lakini asikumbuke chochote, akatoa simu yake akaitafuta nyumba. Akaipata haraka. Ni hoteli siku hizi, ya watu kufanyia harusi. Kuta zimepakwa rangi upya, miti imekatwa kwa mkasi, chumba cha juu kina beseni la kuogea katikati ya sakafu.

"Mum, wameweka historia yake," alisema, akaanza kumsomea, akitafsiri kwa kujikwaa. Bwana fulani aliijenga. Mwanawe akaongeza mabanda ya farasi. Wageni wakubwa wakaja kuwinda. Ikaja vita. "Halafu," akasema Daudi, "it stood empty for many years, halafu hawa wa hoteli wakainunua wakaiokoa."

"Ikafanya nini?" mama aliuliza. Alikuwa anagawa sombe, ile mboga yetu ya majani ya muhogo.

"Ikakaa tupu, Mum. Miaka mingi. Hakukuwa na mtu."

Mama aliweka mwiko ndani ya sufuria. Nilidhani atakasirika, au atacheka. Alifuta mikono kwa kanga, akavuta kiti, akakaa, akasogeza sahani yake pembeni kupata nafasi ya mikono.

"Kulikuwa Emil," alisema. "Alikuwa kwa kona ya jiko, murefu mpaka hapa. Kulikuwa mama yake Emil, sikumujua jina. Kulikuwa Hanna. Kulikuwa batoto ba kijiji, mwangalizi akiwa mudogo, analia. Kulikuwa Mama Sifa, chumba ya chini, iko na maji kwa ukuta. Kulikuwa Kalombo. Kulikuwa bale Bairaki, bibi yabo alikuwa anaimba akiosha vyombo. Kulikuwa dada yako, na mimi, na wewe."

Daudi aliigeuza simu kifudifudi mezani. Chakula kilikuwa kinapoa na hakuna aliyekigusa.

"Mama," alisema, kwa Kiswahili, kila neno likimtoka kama mtu anayevuka mto kwa mawe, "anza tena. Pole pole."

Mama akaanza tena, akianzia kwa Emil.